Pumzi ya Jenereta

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, mtaa mzima unamwita Masizi, na jina lenyewe analipenda. Ni fundi wa jenereta. Karakana yake imepakana na kibanda changu cha kunyolea, ukuta wetu ni bati moja, kwa hiyo kila injini anayoifufua hunitetemesha mkono. Wapo wateja wangu walioondoka na alama kisogoni kwa sababu yake, na lawama nikabeba mimi.

Masizi hahangaiki na vipimo. Anainamisha kichwa, anafumba macho, anaisikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. "Hii mgonjwa," husema, au, "Hii safi, mpe mwenyewe aende zake." Hakosei. Kiburi chake chote kimekaa masikioni.

Binti yake anafundisha jiografia, nasi tunamwita Mwalimu hata nyumbani. Hao wawili wakikutana kibandani kwangu, mteja ajue hanyolewi leo.

"Baba, joto hili hulioni? Mvua nazo zinakuja zinapotaka. Ni haya mafuta tunayochoma."

"Tunachoma nani? Mimi na vijenereta vyangu? Nenda kawaambie wenye meli na ndege. Wamechoma miaka nenda miaka rudi mpaka wameshiba, leo ndiyo wanakuja kunifundisha mimi kuzima?"

"Wao wana makosa yao, na walipe. Lakini moshi wa mtaa huu hawauvuti wao. Anauvuta Mama."

"Mjomba wake, mwambie mtoto wako apunguze."

"Msinitie kwenye kesi zenu," nikajibu. "Mimi nauza vichwa vilivyonyolewa tu."

Tulicheka, lakini Masizi alicheka nusu. Akitajwa dada yangu, ubishi humwishia. Dada alipika kwa mkaa tangu utotoni, na nyumba yao imetazamana na barabara ya malori. Mapafu yamechoka kabla yake mwenyewe. Hospitali walimpa mashine ya oksijeni. Inakaa pembeni ya kitanda, inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, inampelekea puani kwa mrija. Inataka umeme muda wote. Umeme ukikatika kuna mtungi mdogo wa akiba, nao hauna maisha marefu.

Ndipo Mwalimu akaleta paneli za sola na betri. Masizi alipanda paani kuzifunga mwenyewe, akinung'unika mpaka msumari wa mwisho. Kisha kikaja kiangazi, tukaona kitu ambacho hatukuwahi kukiona: umeme unakatika, mtaa mzima unanguruma, na nyumbani kwa fundi wa jenereta kimya. Dada akawa anakaa kitandani anashona vifungo huku akinitania kuhusu kipara changu. Nilifurahi, sina haja ya kuficha. Hata Masizi nikamsikia akizisifia paneli kwa mteja, akaniona, akabadilisha mada.

Mvua zilipokuja hazikujua kuondoka. Mawingu yakalala juu ya mapaa, betri zikafa, maji yakaangusha nguzo za umeme. Masizi akakokota jenereta yake bora, akaiweka mwisho wa ua. Lakini waya ulikuwa mwembamba na safari ndefu, umeme ukawa unafika umechoka, mashine ya dada inapiga kelele za kuonya. Kwa fundi, dawa ya hapo inajulikana: fupisha waya. Akaukata, akaisogeza jenereta hadi chini ya dirisha la chumba, akalifunga dirisha ili mvua isiingie. Mashine ikanyamaza, naye akaridhika.

"Baba Mwalimu," dada akamwambia, "kichwa kinanigonga. Na humu kunanuka."

Masizi akatoka nje, akainama, akafumba macho, akasikiliza. Akarudi. "Injini safi kabisa, mke wangu. Huo ni unyevu tu."

Hakumdanganya. Pua yake ilikuwa imeshakufa kwa miaka ya kuinamia mabomba ya moshi, na hakuna aliyejua, wala yeye mwenyewe. Mtu anayefanya kazi kwa masikio atajuaje kwamba pua haipo? Mimi nilipita jioni kumjulia hali dada, nikasikia harufu, nikadhani ni ya mtaa. Mtaa wote ulikuwa umewasha jenereta.

Mwalimu alikuwa amekwama kazini kwake, maji yamekata barabara. Alipofika, alifungua mlango wa chumba, akarudi nyuma akikohoa.

"Baba! Humu mnakaaje?"

Akafungua madirisha yote kwa fujo. Dada alikuwa haamki. Mashine ilikuwa imeuvuta moshi uleule wa chini ya dirisha, uliopenya kwenye nyufa, na kumpelekea puani.

Hakufa. Daktari alituambia kwa upole kwamba kilichopotea kwenye ubongo wake hakirudi, tumrudishe nyumbani na mashine yake, tuombe Mungu. Masizi akaapa mbele yetu kwamba hatagusa jenereta tena. Karakana akaifunga. Sasa anashinda kibandani kwangu, ananitazama ninavyonyoa, na ule ukimya wa upande wa pili wa bati unaniumiza kuliko kelele zote alizowahi kunipigia.

"Umeshinda, Mwalimu," alimwambia binti yake siku moja.

"Nani alitaka kushinda hivi, Baba?"

Juzi mawingu yalirudi. Betri zilikuwa chini tangu asubuhi, na mchana umeme ukakatika. Tukafungua mtungi wa akiba mpaka ukaisha. Barabara ya hospitali imejaa maji. Midomo ya dada ikaanza kubadilika rangi, macho yake yanatutafuta mmoja mmoja.

"Baba, washa," Mwalimu akasema.

Masizi alisimama mlangoni, mikono nyuma. "Siwezi."

"Baba, nakuomba."

"Mwanangu, siwezi. Nimeshamuua mara moja."

Mwalimu akanitazama mimi. Mimi najua mashine ya kunyolea tu. Akatoka mwenyewe kwenye mvua, akaivuta jenereta kutoka stoo. Waya ulikuwa uleule mfupi, maana aliyeapa kutowasha hakuona haja ya kutafuta mwingine. Ukafika chini ya dirisha tu. Akavuta kamba ikakataa, akavuta tena ikakohoa, akavuta huku analia, ikashika. Mashine ya dada ikawaka. Kifua chake kikaanza kupanda na kushuka.

Nikaenda kufunga dirisha, moshi ukanitangulia kwenye nyufa.

"Kunanuka?" Masizi akauliza kutoka mlangoni.

"Kunanuka, Baba," Mwalimu akajibu, na hakuizima.