Simu ya Babu Ilipolia

Juzi nilirudi kwetu Masoko, nikamkuta mke wa jirani ameketi benchi moja na baba mkwe wake, wanagombania chumvi ya parachichi na kucheka. Binti wa yule mama alikuwa palepale, anathibitisha nafasi yake ya chuo kikuu kwa simu. Akabonyeza, akasema, "Tayari," akaendelea kumenya ndizi. Basi, imekwisha. Nilisubiri moyo wangu ushtuke. Wapi! Ulinyamaza tu.

Wewe hukukulia kwetu, ngoja nikueleze. Mama yangu hakuwahi kumtazama babu usoni. Babu alikuwa baba mkwe wake, na kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto hakutani na baba mkwe, hasemi naye, hataji hata jina lake. Mama akisikia kikohozi chake njiani, anaingia migombani na ndoo yake kichwani mpaka mzee apite. Sisi watoto ndio tuliopeleka mbalaga, zile ndizi za kupikwa na maharage, tukarudisha sahani pamoja na asante ya babu: "Mwambieni mama yenu, ndaga, nimeshiba." Hatukuona ajabu yoyote. Mvua ilinyesha, moshi ukajaa jikoni, na mama akatufundisha kusoma kwa kuandika ukutani kwa mkaa.

Dada yangu alimaliza kidato cha sita akaomba chuo, wa kwanza kitongojini kwetu. Simu ilikuwa moja, kitochi cha babu, na mtandao ulishika mahali pamoja tu, kwenye jiwe mbele ya nyumba yake. Majibu yakachelewa. Shangazi wa Isongole akatuita tukavune viazi, tukaenda watoto wote. Dada alimwachia babu maagizo: "Simu ikilia, babu, mwite mtu akusomee, halafu tuma bodaboda inifuate." Babu hakujua kusoma. Akaitikia tu, "Haya, mwanangu." Baba alikuwa mgodini Kiwira, na hakuna aliyejiuliza huyo mtu wa kusoma atakuwa nani.

Siku ujumbe ulipoingia, kijiji kizima kilikuwa msibani ng'ambo ya mto. Mama alibaki ili mzee asishinde njaa. Alikuwa ameweka sahani kizingitini, akagonga mlango kwa mwiko, akajificha migombani kama kawaida. Simu ikalia. Babu akatoka, akaita, "Jamani, kuna mtu hapo? Njooni mnisomee!" Mama alikuwa karibu kabisa, nyuma ya majani. Alijua ni ujumbe wa nini. Alikaza kanga kiunoni akakimbia msibani kutafuta mtu. Aliporudi na jirani, giza lilikuwa limeingia, mzee amelala na mlango umefungwa kwa komeo. Jirani akaona haya kumgongea.

Asubuhi babu aliitoa simu mwenyewe, anatabasamu. Alikuwa ameizima isije ikammalizia mjukuu wake chaji. Jirani akasoma. Ilikuwa namba ya kuthibitishia nafasi, na mwisho wake ulikuwa jana.

Dada alifika na udongo wa viazi kwenye kucha. Alisoma, akamrudishia babu simu kwa mikono miwili. "Ndaga, babu." Mama akapika, tukala. Hakuna aliyegombezwa, agombezwe nani? Dada alisema ataomba tena mwakani, kisha akaacha kusema. Siku hizi anauza ndizi Kiwira, basi likisimama anakimbilia madirishani na chana mkononi.

Sasa mtandao unashika mpaka jikoni, na wakwe wanakula parachichi pamoja. Ile adabu ya migombani imekwisha, na watu wananiambia nishukuru. Nashukuru. Ila nikijipekua ndani sioni furaha wala hasira, pamekufa ganzi tu.

Siku tuliyomzika babu, mama alisubiri wengine wote wapite. Kisha akasogea kwenye jeneza, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, akasema naye kwa mara ya kwanza.

"Nilikuwepo, baba," alisema. "Siku ile ulipoita, nilikuwepo."