Rambirambi Nilizoandika kwenye Tovuti ya Majaribio

Mimi na mama wa Louisville hatukupatana tangu chama kianze, na sitasema kosa lilikuwa lake peke yake. Yeye ndiye aliyeshika tovuti yetu miaka yote: misiba na harusi za watu wa milima ya Kivu walioko Louisville, Columbus na huku Buffalo. Mimi nilitaka tuihamishe, maana ilikuwa inazimika ovyo. Alisema nataka kumnyang'anya. Labda nilitaka, kidogo.

Wiki tuliyokubaliana kuhama, mume wake akafariki. Tangazo la msiba lilikuwa limeshawekwa kwenye tovuti fundi aliponakili kila kitu kwenye seva mpya, yaani kompyuta ya mbali itakayoishika tovuti. Fundi ni Mkenya aliyekuja Columbus kusoma akapata kazi. Aliielekeza kompyuta yangu kwenye seva ile ili nijaribu. Anwani ni ile ile, akasema, ila wewe peke yako unaona mpya. Wengine bado wako kwenye ya zamani. Nilijibu nimeelewa. Shule yangu iliishia njiani, lakini hilo nilidhani nimelielewa.

Nikatoka kiwandani Tonawanda, nikakaa jikoni na viatu vya kazi, nikaandika rambirambi. Niliandika kwamba marehemu alitupokea Louisville kabla hatujahamia Buffalo, akanionyesha jinsi ya kuwasha hita bila kunicheka. Ilinichukua muda, kwa sababu kumwandikia mtu mnayechukiana ni kazi. Chini ya picha hapakuwa na neno la mtu mwingine. Nikajisifu moyoni kuwa wa kwanza.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa na mkutano wa simu. Kwenye simu tunaitana kwa miji.

"Buffalo," akasema mama wa Louisville, "watu wote wa kwenu waliandika. Hata bibi asiyejua kusoma alimwandikisha mjukuu. Weye tu ulinyamaza. Donc, hata maiti unamfanyia siasa?"

Nikasema niliandika.

"Niko naangalia hapa. Yako haiko."

Nikafungua kompyuta. Yangu ilikuwepo, tena peke yake. Hasira ikanipanda, nikamwambia mbele ya wote kwamba hakuna aliyeandika ila mimi.

Halafu akauliza polepole, "Unasema bwana yangu hakuliliwa?"

Fundi akaingilia, akaeleza kwamba kila mmoja wetu anaangalia mahali pake: mimi seva mpya, wao ile ya zamani walikoandika. Yule mama alielewa kabla yangu. Akataka tovuti ya zamani inakiliwe upya, lisipotee neno hata moja. Fundi akasema inawezekana, ila nakala mpya itafuta kilichoandikwa na Buffalo. Labda akihamishe kwanza?

"Asiongeze kitu," akasema mama. "Anakili yenye watu waliandika."

Ningeweza kubisha. Lakini mume ni wake, na nilikuwa nimeshamwambia mjane kwamba hakuna aliyemlilia mumewe. Nikasema sawa.

Fundi akanakili tukiwa bado kwenye simu. Nikafungua tena: mchungaji ndiye wa kwanza, kisha Columbus, kisha majirani zangu wa Black Rock huku Buffalo, na bibi yule kwa mkono wa mjukuu. Yangu, ile ya hita, haikuwepo. Nikakagua picha, nikabonyeza kila kitu kama fundi alivyoniagiza. Wote kwenye simu walikuwa wananingoja niseme kama tuhame.

Nikawaambia kila kitu kimo, hakuna kilichopotea, wahamishe.

"Bon," akasema mama wa Louisville. "Leo umesema kweli."