Makofi ya Mama Nyoosha

Kiwandani kwetu tunashona sare za shule. Jirani yangu wa mashine, kwa miaka kumi na tisa, alikuwa mama mmoja tuliyempa jina la Mama Nyoosha. Mshono ukipinda kidogo tu, hata kama mkaguzi kaupitisha, yeye alichukua wembe wake akaufumua. "Mtoto wa watu atavaa hii," alisema. Nasi tulimcheka: mshahara wenyewe kiduchu, mbwembwe za nini?

Sababu aliijua mwenyewe. Mumewe ni mgonjwa wa figo, husafishwa damu mara mbili kwa wiki, na matibabu yalilipiwa na bima ya kiwanda. Kiwanda cha ng'ambo ya barabara kilimwita kwa mshahara mnono, akakataa. "Hawa wamenitunzia mume. Niwashonee ovyo?"

Jumanne asubuhi alimpeleka hospitali kama kawaida. Dada wa dirishani aliipitisha kadi kwenye mashine, akaipitisha tena, akamrudishia. "Mama, hii imefungwa tangu mwanzo wa mwezi."

Alimwacha mumewe kwenye benchi, akaja kiwandani mbio. Nilimsindikiza kwa meneja.

Meneja hata hakushtuka. "Mama, si tulikubaliana? Siku ile bwaloni nilisema tunaachana na mpango wa zamani, tunaleta fulana na keki za siku ya kuzaliwa. Nikauliza nani anapinga. Mkapiga makofi."

"Hukutaja bima, bosi."

"Sasa mpango wa zamani ulikuwa nini kingine? Andika barua, tutaiangalia Ijumaa."

"Ijumaa! Baba watoto anasubiri leo!"

Nilikumbuka vizuri siku ile: aliyeanza kupiga makofi alikuwa Mama Nyoosha, kwa kuwaamini wakubwa, na sisi tukafuata kama kondoo. Nilipomgeukia, alikuwa akiitazama mikono yake.

Alipita mashineni kuchukua mkoba. Chini ya sindano kulikuwa na kola aliyoiacha jana, mshono umekwenda upogo, hata kipofu angeuona. Akaiinua. Nikangoja achukue wembe.

Aliitupa kwenye kikapu cha kazi zilizokamilika, akaondoka. Mkaguzi aliipitisha.