Rili ya Mkono wa Kulia

Mwanangu, umeniletea simu nione picha ya rili ya kuvulia samaki unayotaka kumpelekea babu yako wa upande wa baba. Inang'aa, sikatai. Lakini kabla hujaiagiza keti kidogo, maana kuna siku moja inayonirudia kila nikiona kitu hicho.

Nilikuwa msichana, tukiishi ugenini Makindye, mimi na baba na kaka yangu Baraka. Tulitoka Bukavu. Baba alikuwa mvuvi, na kule ziwa Kivu watu walimjua. Kisha kiharusi kikampiga, upande wote wa kuume ukalegea. Sisi Wakongo husema kuume. Wengine hapa wanasema kulia. Shika neno hilo, utaona lilivyotuchezea. Baba akaacha kutoka nje, hata mlangoni hakukaa. Alikula kwa mkono wa kushoto, akalala, basi. Niliogopa atatufia hivyo hivyo, akitazama ukuta.

Baraka akasema dawa yake ni ziwa. Tukaenda mjini kwa Mama Akinyi, Mkenya aliyeuza vifaa vya uvuvi, mama wa maneno mengi na moyo mkubwa. Baba hakuweza tena kuvuta mshipi kwa mikono miwili, kwa hiyo Baraka alitaka fimbo yenye rili, hiyo mashine ya kukunjia uzi. Mama Akinyi akauliza, "Mzee wenu anatumia mkono wa kulia?"

"Ndiyo, ule wa kulia tu," Baraka akajibu. "Ule mwingine umekufa."

"Basi chukua hii. Hii ndiyo yenyewe!"

Ilikuwa rili ya ngoma: uzi umezungushwa kwenye kipipa juu ya fimbo, na mpini umefungwa upande wa kulia moja kwa moja, hauhami. Nzuri ajabu.

Tukampeleka baba Ggaba, ufukweni mwa ziwa. Samaki akauma mapema. Baba alikuwa ameibana fimbo kwapani upande wa kuume, na mkono wake mzima, ule wa kushoto, ukapita mbele ya kifua kuutafuta mpini upande wa pili. Haukuufikia vizuri. Fimbo ikamponyoka, samaki akaenda zake, na watu pale ufukweni wakacheka. Tulipofika nyumbani baba alijilaza, akageukia ukuta, na chakula hakukigusa. Nililia jikoni.

Kesho yake Baraka akamwendea Mama Akinyi kwa hasira. Yeye naye si mtu wa kutukanwa akanyamaza. Alitia rili nyingine mkobani, akafunga duka, wakaja wakibishana mpaka chumbani kwetu.

"Si uliniambia wa kulia?" Mama Akinyi akauliza.

"Ndiyo, wa kulia! Wa kulia chakula!"

"Jamani! Na anakula kwa upi?"

"Kwa wa kushoto! Si nilikuambia ule mwingine umekufa?"

Mama Akinyi akajishika kiuno, akaangua kicheko, na Baraka akazidi kufoka. Hapo sauti ikatoka kitandani.

"Munagombana juu ya mukono yangu, na mwenye mukono iko hapa. Nani aliniuliza?"

Kweli, hakuna aliyemuuliza. Hata mimi niliyempikia kila siku.

Mama Akinyi akapiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, mzee." Akatoa ile rili ya mkobani, ya kawaida, haina urembo, aina inayoning'inia chini ya fimbo. Akafungua mpini kwa vidole, akauhamishia upande wa kushoto, akamwekea baba mapajani. Baba akauzungusha. Akauzungusha tena, sikio limeinama, anasikiliza.

"Kesho munanipeleka," akasema.

Kesho hiyo Baraka alimtupia ndoano, baba akawa anakunja mwenyewe. Samaki alipouma, Baraka akanyoosha mkono kusaidia.

"Usiguse!"

Tangu augue hakuwa amefoka hivyo, nami nikafurahi sana. Samaki mwenyewe alikuwa ngege wa kutosha sufuria yetu. Nilimpika kwa nyanya, na baba akamla kwa mkono ule ule uliomvuta, kisha akadai mchuzi zaidi.

Sasa nakuambia, mwanangu. Rili ya ngoma si mbaya. Inamfaa mwenye mikono miwili na kidole gumba kinachojua kuuzuia uzi usijisokote. Ya kawaida ni pole zaidi, na mpini wake unahamia upande wowote. Ipi ya babu yako? Mimi sijui, wala picha yako haijui. Mwendee, mpe aishike, muulize. Usimchagulie mtu ambaye bado ana mdomo wake.

Nenda salama. Mungu akujalie watu wa kukuuliza siku utakapozeeka, na mkono wako wa kulia, uwe upande wowote ule, usikose samaki.