Alinivunja Taya kwa Ajili ya Simu Iliyofungwa, Sasa Naambiwa Niseme ni Jambazi

Admin, jina langu na la duka yaache, Bukoba ni ndogo na watu hawa bado nakutana nao sokoni. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, naishi Buhembe na mama yangu. Nilikuwa nauza simu kwenye duka moja mjini. Nasema nilikuwa, kwa sababu mkono wangu wa kulia sasa hauwezi hata kufunga kifungo cha gauni.

Bosi alileta simu za kioo kikubwa, bei nafuu kuliko duka lolote. Kati ya wateja wa mwanzo alikuwepo kijana mmoja mvuvi, kwao Buganguzi, anavua kisiwani Goziba. Nitamwita Deo. Alikuja na mke wake mjamzito. Simu yake ndogo ya batani akamwachia mke, ili wawe wanapigiana. Aliuliza mwenyewe, "Goziba itashika?" Bosi akacheka, akamwambia, "Hata katikati ya ziwa inashika."

Haukupita muda wateja wakaanza kurudi. Kumbe simu zimefungwa, zinakubali laini ya mtandao mmoja tu. Ukiweka laini nyingine inakuandikia haikubaliki. Mwalimu mmoja kutoka Muleba alipiga meza mpaka kikokotoo kikaruka chini. Nikamwambia bosi tuwe tunawaeleza watu kabla hawajanunua. Akanijibu, "Ukiwaeleza nani atanunua? Kazi yako ni kuuza."

Asubuhi moja Deo alirudi peke yake. Akaweka simu juu ya kaunta taratibu, akasema, "Dada, unanikumbuka?" Nikamwambia namkumbuka. Akasema kambini kwao mtandao wa ile simu haupo kabisa. Aliweka laini wanayotumia wenzake, simu ikaikataa. Mke wake akashikwa na uchungu kabla ya siku zake, damu zinatoka, yuko peke yake nyumbani. Akampigia Deo, akapiga tena na tena, anaambiwa hapatikani. "Ningepatikana ningempigia kaka yangu mwenye pikipiki, namba yake mke wangu hana, amkimbize hospitali," alisema. "Habari nimeletewa na mtu wa mtumbwi. Nimefika, mtoto ameshazikwa. Sijamwona hata uso."

Bosi akatoka chumba cha nyuma, akasema, "Kijana, pole, lakini msiba wako na duka langu vinahusiana nini? Simu ikishatoka hairudi."

Deo aliruka kaunta. Bosi akanisukuma mimi mbele, yeye akatokea mlango wa nyuma. Deo akanishika nywele, akanibamiza uso kwenye kaunta. Nilisikia taya langu likilia kama kuni kavu. Akanibamiza tena kwenye kabati, kioo kikapasuka, nikaangukia mkono. Akaukanyaga ule mkono juu ya vipande, anapiga kelele, "Mlijua! Mlijua nyie!" Kila nikiuvuta kioo kinazama zaidi. Niliona ndani ya mkono wangu mwenyewe, peupe.

Huko nje bosi alikuwa anaita, "Mwizi! Jambazi! Ana kisu!" Deo hakuwa na kisu. Hakugusa hata droo ya pesa. Lakini watu hawakuuliza. Walimburuta mpaka barabarani, wakampiga kwa mawe na nondo, na mwanaume mmoja nikamwona anafungua tenki la pikipiki atoe petroli. Nilitambaa mpaka mlangoni. Nilitaka kusema huyu si mwizi, taya likawa linaning'inia tu, damu inajaa mdomoni. Na jamani, sitawaficha, kuna sehemu ya moyo wangu ilitaka wamchome. Polisi walifika, wakafyatua risasi juu, watu wakatawanyika. Deo alibaki hai, lakini jicho moja limekwenda.

Mimi nilikuwa siwezi kuongea, hivyo maelezo polisi alitoa bosi. Deo akashtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Nasikia ni miaka thelathini. Bosi akaja hospitali, akasema atalipia upasuaji wa mkono wangu Mwanza, kila kitu. "Wewe useme tu alikuwa na kisu na alidai pesa. Mambo ya laini usiyataje." Mama akasema, "Waitu, mwanangu, sema. Aozee huko huko."

Jumapili iliyopita mke wa Deo alikuja nyumbani. Amekonda, gauni linamwelea. Aliuangalia mkono wangu, akasema, "Dada, sikuja kukuomba umsamehe. Hata mimi ningekuwa wewe nisingemsamehe. Useme alichofanya, chote. Asichofanya usimwongezee."

Mama akatoka jikoni na mwiko mkubwa, akamchapa nao mgongoni, akamchapa tena, "Toka! Mume wako kamuua mwanangu akiwa hai!" Yule dada hakukimbia wala hakujikinga. Alitembea mpaka barabarani huku anapigwa, na mimi nimekaa pale pale, sikumzuia mama.

Wiki ijayo natakiwa mahakamani. Nikisema ukweli, upasuaji hakuna, na mama kasema nitafute pa kuishi. Nikisema uongo, mtu anazeeka gerezani kwa wizi ambao hakuufanya, na bosi anaendelea kuuza simu zile zile, bado ziko kabatini. Nikikumbuka mguu wake juu ya mkono wangu natamani afungwe maisha. Namchukia, na najua si jambazi. Yote mawili ni kweli.

Naomba msiniambie nisali, nimesali sana. Niambieni hivi: kama mimi ni dada yenu wa tumbo moja, mngenituma nikaseme nini mbele ya hakimu?