Mkono Usioingia Kinywani

Mwanarusi binti Matano aliota jino la juu kabla ya la chini. Kosa lake ni hilo tu, jingine hakuwa nalo. Mama yake, Dhahabu, aliligundua asubuhi moja akimlisha uji, kijiko kilipogonga kitu kigumu. Akamwinua mdomo kwa kidole, akaona kitu cheupe kimechungulia kwenye ufizi wa juu, na chini hamna kitu. Palepale akamfunika mtoto uso kwa leso, na chumbani hamkuwa na mtu mwingine.

Kule Mtongwe, upande wa Likoni, mtoto wa namna hiyo ana jina lake: kigego. Na kigego, waaminivyo watu, hula walio wake. Si kwa kukusudia, maskini, ila wataondoka mmoja mmoja naye yupo. Hapo kale hakulelewa kabisa, na alivyofanywa usiniulize, mimi mwenyewe sipendi kuyasikia. Miaka aliyozaliwa Mwanarusi hakuna aliyethubutu mambo hayo tena, lakini midomo ya watu nani angeifunga?

Dhahabu alikusudia kulificha jino lile mpaka ya chini yatoke, mambo yachanganyike. Hakujaliwa. Mumewe Matano alikuwa mkwezi, akiangusha nazi za watu tangu ujana wake, na wiki ileile mguu ukamteleza juu ya mnazi mrefu ulionyeshewa mvua. Alizikwa siku iyo hiyo. Mnazi umelowa, mtu ameteleza. Ungedhani ni jambo la kueleweka hata na punguani. Lakini Dhahabu alilia kwa sauti mbele ya waliokuja kuzika, kwamba yeye alijua, aliliona jino akanyamaza, na baada ya hapo hapakuwa na wa kumtoa kwenye imani hiyo.

Mganga akaletwa. Mtoto akaogeshwa majani, akafukizwa, kisha likatolewa sharti: alelewe mbali na mamake, na siku zote za maisha yao mkono wake usiingie kinywani mwa aliyemzaa. Siku utakapoingia, mama atamfuata baba. Basi, Mwanarusi akachukuliwa na shangazi yake Mishi, dada ya marehemu, aliyekuwa akikaa Junda, Kisauni. Bi Mishi alikuwa mwanamke wa maneno machache, mwosha maiti wa mtaa mzima, na habari za vigego alikuwa akiziita upuuzi, ila hakulisema hilo mbele ya wifi yake kwa kumhurumia.

Na usidhani Dhahabu hakumpenda mwanawe. Alimpenda mno, ndiyo taabu yenyewe. Kila Mwanarusi alipovushwa kwenda Likoni, mamake alimsuka nywele, akampaka mafuta, akalala naye kitanda kimoja. Alimpa kila kitu isipokuwa kile kimoja. Idi moja, Mwanarusi akiwa msichana wa shule ya msingi, walikaa jamvini na wageni, sinia la pilau katikati. Kaka yake, Mbwana, alifinya tonge akamlisha mama, mama akacheka, akala. Mwanarusi naye akafinya lake, dogo, la adabu, akanyoosha mkono. Mamake aligeuza uso kwa nguvu hata ushungi ukamvuka, na wali ukamwagika kifuani mwake. Bi Mishi alimshika mtoto akamtoa nje, akamnawisha mikono polepole, na Mwanarusi akaitazama ile mikono kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Mwaka uliofuata walikuja shuleni watu wa afya, na mmoja wao alikuwa wa meno. Yule bwana alipita safu nzima akitia vidole vinywani mwa watoto, akitazama, akienda kwa mwingine. Mwanarusi alikodoa macho. Zamu yake ilipofika akamwuliza kwa sauti ya chini, mtu akianza kuota ya juu inakuwaje. Bwana akasema haiwi kitu, wengine huanza juu, wengine chini, akamwambia aachame zaidi. Hata usoni hakumtazama. Kwake yeye lilikuwa swali kama la mtu kuuliza saa. Mwanarusi alirudi kitini.

Siku hiyo ndiyo aliyoamua. Miaka ya themanini ilipofika katikati aliitwa Nairobi, kwenye chuo cha utabibu, akakalishwa mbele ya wakubwa wenye tai, wakamwuliza kwa nini anataka meno na wasichana wenzake wanakimbilia uuguzi. Alijibu kama alivyofunzwa na mwalimu wake, kwamba anataka kuwahudumia wananchi. Wakaridhika. Uongo mtupu! Wananchi hawakuwamo. Alitaka siku moja mamake aachame mbele yake, mkono wake uingie, utoke, na mama abaki hai. Hakuwa na sababu nyingine, na kwa hiyo moja aliivumilia baridi ya Nairobi, vichwa vya plasta vyenye meno ya bandia, na wenzake waliomcheka kwa Kiswahili chake cha taratibu.

Katika kitabu kikubwa cha chuo alilitafuta jambo lake. Alilikuta katika mlango wa meno ya watoto, nusu ya sentensi, kwamba mpangilio wa kuota waweza kutofautiana. Nusu ya sentensi, jamani. Babake kazikwa na lawama, yeye kalelewa ng'ambo ya maji, mbali na mamake, na wenye elimu hawakuona haja hata ya kuimaliza sentensi. Alikifunga kile kitabu akalia kwa hasira, na aliyekaa karibu naye akadhani ameshindwa na mtihani.

Alipohitimu alipangiwa kazi Kisauni, kwenye kliniki ya meno ya serikali, chini ya Daktari Kioko, Mkamba mpole asiyependa kelele. Mwanarusi akatokea kuwa na mkono mwepesi. Makuli wa soko la Kongowea, watu wa kubeba magunia mgongoni bila kuguna, walifika pale mashavu yamefura, machozi yanawatoka, wakamwulizia yeye kwa jina. Alichoma ganzi, akangoja, akaliweka koleo, na jino likawa mezani kabla mtu hajamaliza kusoma dua. Alitia mkono katika vinywa vya Waislamu na Wakristo, vya wazee na wachanga, na wote walinyanyuka kitini wakaenda zao.

Ndipo alipokwenda Mtongwe kumweleza mamake. Aliongea kwa adabu, alichora hata taya mchangani kwa kijiti. Bi Dhahabu alisikiliza yote, hakumkatiza. Mwisho akamshika goti.

"Elimu yako naiamini, mwanangu," akasema. "Lakini wewe umesoma, mimi nimezika."

Mwanarusi aliinuka. Akaukunja mdomo, akavuka kurudi kazini.

Mwaka wa tisini na tatu aliiona dalili kabla ya kuambiwa. Mamake alikuwa akitafunia upande mmoja, na karafuu haimtoki shavuni. Alipoinama kumsalimu, ikampiga harufu anayoijua sana, ya gego lililooza mpaka kwenye mzizi. Akamwomba alione. Bi Dhahabu akafumba midomo kama mtoto anayekataa dawa. Haya, akasema Mwanarusi, basi twende kwa Daktari Kioko, yeye si wa ukoo wetu, mkono wake hauna sharti. Hilo nalo Bi Dhahabu akalikataa.

"Watu watasema nini? Dhahabu ana mwana daktari wa meno, naye kaenda kwa mgeni? Watauliza kwa nini. Sitakutangaza kwamba nakuogopa."

Umeona mambo hayo? Kwa mwanawe hakutaka kutibiwa kwa kuogopa kufa, na kwa mwingine hakutaka kwa kuogopa kumwaibisha mwanawe. Akabaki na karafuu yake na maji ya chumvi. Mwanarusi alimpelekea vidonge, uvimbe ukanywea, halafu ukarudi.

Na hapa nitasema lililo kweli, hata kama halipendezi. Mwanarusi angeweza kumshurutisha. Angemwambia Mbwana ambebe hivyo hivyo hadi Kisauni, au angemvusha Kioko mpaka Mtongwe na mkoba wake, na Kioko alikwisha kusema yuko tayari. Hakufanya. Alitaka mkono uwe wake. Alijiambia maumivu yatamzidi mama, naye mwenyewe atakuja aachame, na siku hiyo sharti litakufa. Alijua vizuri gego la namna ile hufika wapi likiachwa, kwani alishawaona wawili watatu wakiletwa wamechelewa. Alijua, na akangoja.

Siku moja ya kiangazi, asubuhi, hata wagonjwa hawajajaa benchini, Mbwana aliingia kliniki anahema. Akasema shingo ya mama imeumuka, mate yanamtoka, na maneno hayaeleweki. Mwanarusi alikusanya vifaa mkobani, akamwambia Kioko apige simu hospitali kubwa kisiwani wajiandae na mgonjwa wa koo, akatoka na koti lake jeupe mwilini. Njia nzima, na juu ya feri, alikuwa akiomba kimoyomoyo, na alichoomba ni muda.

Alimkuta mamake ameketishwa kitandani, kichwa mbele, kwa kuwa akilala pumzi inakata. Chini ya kidevu pamekaza kama ubao. Ulimi umesukumwa juu. Mwanarusi alitazama mara moja tu, akamwamuru Mbwana atafute gari. Jirani alikuwa na pikapu ya kubebea makuti, wakatandika godoro nyuma, wakampandisha, na jirani wa kike, mmoja wa waliokuwapo siku ya msiba wa Matano, akapanda kuwasaidia kumshika.

Gari lilipoanza kwenda, Bi Dhahabu alimshika mwanawe kifundo cha mkono. Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye chakula moto kinywani, lakini Mwanarusi aliisikia yote.

"Litoe. Nimechoka kukuogopa."

Maneno hayo ndiyo aliyoyasomea. Aliyangoja tangu ile Idi ya wali kumwagika. Akamwambia, "Achama, mama," kwa ile sauti yake ya kazini, na mama akajitahidi. Midomo ilifunguka. Meno hayakufunguka. Taya lilikuwa limekaza kabisa, haupiti hata ukucha kati ya meno ya juu na ya chini. Mwanarusi alijua kwamba hata kama lingefunguka, shida sasa si jino, shida ni koo, na kwa koo linalofunga mkobani mwake hamkuwa na dawa. Lakini mama alimvuta mkono, akauleta mwenyewe mdomoni. Kidole kikapita midomo, kikagusa meno ya mbele, kikakwama hapo. Mama alikuwa akimtazama. Alijaribu tena kuachama, na tena, jasho likimtiririka, kama mwanafunzi mwema anayefanya alivyoambiwa.

Hawakufika kivukoni. Kabla ya lami kuteremka kuelekea majini pumzi ilikoroma, ikakatika, na kidole cha Mwanarusi kilikuwa bado palepale. Yule jirani alikuwa akikitazama kidole kile, si uso wa marehemu.

Kwa hiyo hata gari lililomrudisha halijageuka vizuri uani, Mtongwe nzima ilishajua. Mkono umeingia, mama kamfuata baba. Watu hawakulisema kwa chuki, walilisema kama mtu anavyosema mvua imenyesha. Mganga alikwisha kufa zamani, lakini siku ile aliheshimiwa kuliko alipokuwa hai. Hata Mbwana, aliyelia akigonga kichwa ukutani, alipomwona dada yake akija kumshika alirudi hatua nyuma. Baadaye aliona haya, lakini alikwisha kurudi nyuma, na Mwanarusi aliona.

Maziko yalipangwa baada ya alasiri. Bi Mishi alivushwa kutoka Junda kuja kuosha. Wanawake waliingia chumbani kusaidia, na Mwanarusi alipoingia nao, mmoja akanong'ona kwamba si vizuri, huyu akae nje. Bi Mishi alikuwa akikunja mikono ya kanzu yake. Hakuinua sauti. Alisema kwamba binti ana haki ya kumwosha mamake kuliko yeyote aliye humu, na asiyetaka mlango ule pale. Wawili wakatoka.

Walimwosha kama sheria inavyotaka. Ilipofika zamu ya kinywa, Bi Mishi alifungua kitambaa kilichofungwa kidevuni. Taya, lililokaza asubuhi yote, lilikuwa limelegea. Kinywa kikaachama chenyewe, wazi kabisa. Bi Mishi alichovya kipande cha pamba majini, akakamua, akampa Mwanarusi.

"Njoo ufanye kazi yako," akamwambia.

Mwanarusi alikizungushia kidole chake ile pamba. Alifuta meno ya mbele, ya juu na ya chini. Akafuta upande wa kulia. Kisha akaingiza kidole upande wa kushoto, ndani kabisa, mpaka kwenye lile gego. Lilitikisika. Lingetoka kwa mvuto mmoja, hata bila ya ganzi. Nje, wanaume walikuwa wakiita kuuliza kama maiti yu tayari. Alichovya pamba tena, akalisafisha lile gego pande zote, polepole, asije akamwumiza.