Tulivyogoma kusimama kwa ajili ya bendera ya Mwingereza pale Same, mama wa kapteni akatuinua

Wakuu, heshima kwenu. Vijana, marahaba hata kabla hamjaniamkia. Haya yalitokea kweli, ila mimi ni zao la ngumbaru, chumvi kidogo mnivumilie.

Enzi za mkoloni nilikuwa mkimbiaji. Nikitoka Mhezi kule milimani asubuhi, kivuli changu kilikuwa kinafika Same kesho yake.

Basi sherehe ya Mfalme ikafika, tukateremka kushindana mbio. Bwana DC akatangaza ratiba: askari, makarani, punda. Halafu sisi.

Nyuma ya punda, wakuu. Njia hiyo hiyo. Na punda hana adabu za uwanjani.

Kapteni wetu Mbonea akasema, "Jamani, tarumbeta ya bendera ikilia tunakaa chini. Hatuinuki mpaka tutangulizwe."

Tukaapa, huku tukijua rumande iko jirani.

Tarumbeta ikalia. Uwanja mzima umesimama, sisi tumekaa kama magunia ya viazi. DC akageuka rangi zote za kanga.

Sasa, Upareni pembe ikilia ni msaragambo, kazi ya wote: mfereji, barabara. Hakai mtu. Mama Mbonea, aliyekuja kuuza ndizi, akamwona mwanawe amekaa na kitu kinalia.

"We Mbonea, pembe inalia umejikalia tu? Nilizaa mvivu mimi?"

"Mama, huu ni mgomo."

"Mgomo kamfanyie mkeo. Inuka."

Tukainuka wote. Kiapo kwisha. DC akatabasamu, akadhani uzalendo umetuingia.

Lakini mama keshasikia pembe, anataka kazi. Akaona njia ya mbio imejaa majani, akaanza kung'oa. Wamama wa milimani wakamfuata na nyimbo zao za kazi, wimbo wa Mfalme ukamezwa mzima mzima. DC saluti imemgandia kichwani.

Mwisho akamtuma mkalimani aulize wanataka nini.

"Mwambie njia tumesafisha sisi," mama akajibu. "Watoto wetu watangulie, punda watafuata."

Tukatangulia. Nilikuwa wa nne, lakini wa nne anayenukia vizuri.

Nilichojifunza: kwa bendera ile tuliamriwa kusimama. Kwa pembe yetu tulisimama wenyewe, maana mfereji ukikamilika maji yanafika shambani kwa kila mtu.

Haya, semeni na ninyi: wimbo wa taifa ukipigwa, ni nini hasa kinachokuinua? Na wanaotaka kuandika "chai", eti naongopa, wajue wajukuu wa Mama Mbonea wamo humu.